Hukumu ya Motokaa Kuukuu

Wahenga waliacha methali mbili ambazo zikikutanishwa hupigana. Ya kwanza yasema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya pili yasema kuwa la kuvunda halina ubani. Methali ya kwanza ni wakili wa fundi. Ya pili ni wakili wa jalala. Ya kwanza humhimiza mtu atengeneze kilichoharibika kabla hakijaharibika zaidi. Ya pili humwonya asimalize manukato yake juu ya kitu kilichokwisha kuoza. Zote mbili ni za kweli, na kwa sababu hiyo hakuna hata moja iwezayo kumwamulia mtu jambo lake. Kujua kama kilichoko mbele yake ni ufa au ni uvundo ni kazi aliyoachiwa mwenyewe. Kazi hiyo yaonekana ndogo mpaka siku mtu anaposimama uani mbele ya motokaa yake iliyochakaa, fundi akiwa upande mmoja na mkoba wake wa fedha upande wa pili.

Swali la motokaa kuukuu, itengenezwe au ivunjwe, huulizwa kila siku katika gereji, na kwa desturi hujibiwa kwa hesabu ya shilingi. Hesabu ni ya lazima, wala hapana mwenye akili aidharauye. Lakini motokaa si sanduku la nguo likaalo chumbani. Hubeba watu, hupita katikati ya watu, na ikishindwa kazi yake haimshindi mwenyewe peke yake. Kwa hiyo swali hili, kabla ya kuwa la fedha, ni la haki. Na mahali pa kulitazama vizuri ni pale ambapo nchi huinuka ghafula na njia hubana.

Na achukuliwe mtu mmoja kwa mfano. Mtu huyu akaa Morogoro, mji uliolala chini ya milima ya Uluguru, kiasi cha meta 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Kimhandu katika milima hiyo chapita meta 2,600. Anayo Land Rover ya mwili mrefu. Siku za soko huipeleka Mgeta kwa njia ya Mlali, ikapanda na abiria, chumvi, sabuni na mafuta ya taa, ikashuka na kabichi, viazi, njegere na matunda ya nchi za baridi kama mapeasi na mafyulisi, ambayo hustawi huko juu. Abiria wengine huketi juu ya magunia. Motokaa hiyo imemlishia watoto wake na kuwalipia ada. Mita yake ya mwendo ilisimama zamani, ikiwa imepita kilometa laki nne, na tangu hapo haijulikani imekwenda mara ngapi zaidi.

Fundi ameitazama siku mbili. Habari zake ni hizi: ringi za pistoni zimelika, hata injini yala oili na kutoa moshi wa buluu; gia ya pili huchomoka yenyewe; breki hushuka chini pindi zikipata moto; bodi ina kutu; na chesisi, yaani fremu ya chini ibebayo gari zima, ina ufa uliokwisha kuchomelewa mara mbili. Mwenye gari ana njia nne. Aweza kutengeneza yote. Aweza kutengeneza yale yanayoonekana tu. Aweza kuiuza kama ilivyo. Aweza kuivunja. Kila njia ina mshauri wake, na washauri hao yafaa wasikizwe mmoja mmoja.

Mshauri wa kwanza ni fedha. Huyu ana sauti kubwa, lakini mara nyingi husema mambo mawili yaliyopotoka. La kwanza ni hili: mwenye gari hukumbuka kuwa mwaka jana alinunua giaboksi, na mwaka juzi springi mpya, akasema kuwa haiwezekani kuiacha baada ya kuitumia fedha nyingi namna hiyo. Hayo ni maneno ya huzuni, si ya hesabu. Fedha iliyokwisha kutumika imekwisha kutumika, ama gari litengenezwe, ama livunjwe. Maji yakimwagika hayazoleki, wala hayazoleki kwa kumwaga mtungi wa pili juu ya ule wa kwanza. Hesabu ya haki hutazama mbele: matengenezo haya yatagharimu kiasi gani, na yatanunua miaka mingapi ya kazi?

Upotovu wa pili ni kulinganisha gharama ya matengenezo na bei ya gari lenyewe sokoni. Watu husema kuwa ni upumbavu kutia injini ya shilingi milioni nne katika gari ambalo halingeuzwa kwa milioni tatu. Lakini mwenye gari asiyetaka kuuza hana haja ya bei ya soko. Anachohitaji ni safari. Lipaswalo kulinganishwa na matengenezo ni gharama ya kupata safari zile zile kwa chombo kingine, pamoja na kodi, deni na riba, na pamoja na kasoro zisizojulikana za chombo kigeni. Gari kuukuu lina maradhi yaliyokwisha kutajwa majina. Gari lililonunuliwa jana lina maradhi ambayo bado yamejificha. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa hesabu hii magari mengi yanayohukumiwa kufa yangestahili kupona. Na mengine yanayotiwa viraka kila mwezi yangeonekana kuwa ghali kuliko mapya, maana siku za kusimama gereji nazo ni gharama, ingawa haziandikwi katika risiti.

Mshauri wa pili ni umri. Serikali nyingi humpenda mshauri huyu kwa sababu ni rahisi kumpima. Kenya hukataa kuingizwa nchini kwa motokaa zilizozidi miaka 8 tangu kuundwa. Uganda ilitunga sheria mwaka 2018 ya kuzikataa zilizozidi miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, bali hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Sheria haiwezi kumtuma fundi hodari aikague kila nati ya kila gari, kwa hiyo yaukamata mwaka wa kuundwa kama mtu akamataye mkia wa mnyama asiyemwona kichwa. Ni busara ya mlango wa forodhani. Lakini mwenye gari hayuko forodhani. Yuko uani kwake, na kichwa cha mnyama akiona.

Umri ni shahidi, si hakimu. Historia ya vyombo vya Tanzania yathibitisha jambo hili. Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku yapatayo 5,000, wakaileta Dar es Salaam. Kutoka pwani masanduku hayo yalisafirishwa kwa reli ile iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo meli hiyo ilipita chini ya Uluguru ikiwa katika mabehewa kabla ya kuonja maji. Iliundwa upya Kigoma ikashushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini wahandisi wake kwanza waliipaka mitambo grisi nzito, kama watu watarajiao kurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa ikatiwa ya dizeli. Iliendelea kubeba abiria mpaka karne hii, chombo kilicholala chini ya ziwa miaka mingi na kuzidi umri wa mabaharia wake wote wa kwanza.

Upande wa pili yupo MV Bukoba. Alizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, akaangamiza mamia ya watu. Hakuwa mzee, hakuwa ametimiza hata miaka ishirini ya kazi, wakati ambapo Liemba alikwisha kupita themanini. Bukoba alibeba watu kupita kiasi chake, na ukongwe haukuwa kosa lake. Liemba hakuokolewa na ujana wala Bukoba hakuuawa na uzee. Mmoja alipata watu waliompaka grisi. Wa pili alipata watu waliomjaza. Chombo huishi au hufa kwa mikono ya watu zaidi kuliko kwa kalenda.

Mshauri wa tatu ni mapenzi, na pamoja naye huja swali ambalo wanafalsafa wamelitafuna kwa muda mrefu. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alisimulia habari ya merikebu ya Theseus iliyohifadhiwa na watu wa Athens. Kila ubao ulipooza walitia mwingine, hata wenye hekima wakabishana kama ilikuwa bado merikebu ile ile. Mkulima wa Uluguru hana haja ya kusafiri mpaka Athens kulipata fumbo hilo. Analo jembe ambalo mpini wake umebadilishwa mara tano na bapa mara mbili, naye bado huliita jembe la babu yake. Ndivyo ilivyo Land Rover ya mtu wa Morogoro: injini si ya kwanza, milango imetoka katika gari jingine, viti vimeshonwa upya, na huenda kilichobaki cha asili ni chesisi pamoja na jina.

Fumbo hilo lafundisha kitu. Lafundisha kuwa kinachopendwa si chuma. Ni safari zilizofanywa: mgonjwa aliyewahishwa hospitali usiku, bibi arusi aliyeshushwa kutoka milimani, mazao yaliyowahi soko kabla hayajanyauka. Tena laibua kumbukumbu ya miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu nchini Tanzania na spea hazikupatikana. Wakati huo swali la kutengeneza au kuvunja halikuwako, kwa kuwa kuvunja kulikuwa kubaki bila kitu. Mafundi walifinyanga walichokosa. Walichonga kwa tupa kilichopaswa kutoka kiwandani. Ustadi ule ni hazina, na motokaa nyingi zilizo hai leo ni vyeti vyake. Mtu anayeziita takataka bila kuzitazama huwatusi waliozihifadhi.

Hata hivyo mapenzi, kama umri, hayafai kuwa hakimu. Shukrani ni deni baina ya watu. Motokaa haijui kuwa yapendwa, wala haitaonea huruma familia ya mpenzi wake pale breki zitakapokatika. Mtu akitaka kuonyesha heshima kwa chombo kilichomtumikia, heshima iliyo bora ni kukizuia kisimalizie sifa yake kwa kuua.

Hapo ndipo aingiapo mshauri wa nne, ambaye kwa kawaida hakaribishwi uani wakati wa hesabu. Huyu ni abiria. Mwanamke anayepandia Nyandira na tenga la kabichi haoni ufa wa chesisi. Haisikii gia ya pili kwa sikio la fundi. Yeye huona gari, huuliza nauli, hupanda. Mwenye gari humtoza nauli kwa ajili ya safari, na kumbe amemtoza pia sehemu ya maisha yake bila kumwambia. Mtu aweza kuwa na haki ya kuhatarisha shingo yake mwenyewe ili kubana matumizi. Lakini haki ya kuhatarisha shingo ya mwingine ili kubana matumizi yake haikuandikwa katika dini yoyote wala katika sheria yoyote iliyo njema. Mchuma janga hula na wa kwao; na katika gari, wa kwao ni kila aliyeketi ndani, na kila aliyesimama kando ya njia.

Yaweza kujibiwa kuwa abiria hakushikwa mkono. Alipanda kwa hiari. Jibu hili ni jepesi mno. Hiari yahitaji mambo mawili: kujua, na kuwa na njia nyingine. Abiria wa mlimani mara nyingi amekosa yote mawili. Hajui, na hata angejua, gari hilo ndilo gari. Anayechagua baina ya gari bovu na saa nyingi za kutembea na mzigo kichwani hakuchagua gari bovu; amekimbia mzigo.

Lakini hapa hoja ya upande wa pili yainuka kwa nguvu, na mtu mwaminifu hawezi kuipita kama asiyeiona. Ikiwa kila gari lenye kasoro litavunjwa, Mgeta, Kinole na Matombo zitabaki na nini? Kabichi zitaozea mashambani. Mama mwenye uchungu wa kuzaa atabebwa kwa machela. Mtu wa mjini aliye na mabasi, na tangu mwaka 2024 na treni ya umeme ya kumfikisha Dar es Salaam, hupata wepesi wa kudai ukamilifu kwa niaba ya watu ambao ukamilifu huo utawaacha wakitembea kwa miguu. Gari bovu huua mara moja moja, na ukosefu wa gari nao huua, tena bila kelele na bila kuandikwa na polisi.

Hoja hii ni ya kweli, na jibu lake haliwezi kuwa ukali. Lazima liwe utambuzi. Kasoro za motokaa si za namna moja. Ziko kasoro za mfuko na ziko kasoro za shingo. Moshi wa buluu ni kasoro ya mfuko: oili yanunuliwa kila wiki, hewa yachafuka, mwenye gari afilisika polepole, lakini gari halitumbukii bondeni kwa ajili hiyo. Kutu ya mlango, kiti kilichochanika, taa ya ndani isiyowaka, vyote ni vya mfuko au vya macho. Breki, usukani, tairi, chesisi na taa za usiku ni vya shingo. Maskini anaweza kuishi miaka mingi na kasoro za mfuko bila kumdhulumu mtu. Kasoro ya shingo haingoji msimu wa mavuno.

Utambuzi huo una sura nyingine ambayo huonekana vizuri zaidi Uluguru kuliko Dar es Salaam. Kasoro haikai katika chuma peke yake. Hukaa baina ya chuma na njia. Gia ichomokayo yenyewe ni kero tu juu ya barabara tambarare: dereva hutukana, huirudisha, huendelea na safari. Katika mteremko wa Mgeta mambo ni mengine. Hapo dereva mwenye busara hushuka kwa gia ndogo ili injini imsaidie kulishika gari, naye huziacha breki zipumzike. Gia ikichomoka, uzito wote wa gari, magunia na watu huangukia breki. Breki huzuia mwendo kwa msuguano, na msuguano huzaa moto. Mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu yamekwisha kunywa unyevu wa hewa. Yakipata moto mkali huchemka, na mvuke ukiwa ndani ya mabomba pedeli huzama mpaka sakafuni bila kushika kitu. Hivyo kasoro iliyokuwa ya mfuko huko chini imegeuka kuwa ya shingo huku juu, na chuma ni kile kile. Mlima umebadili hukumu.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi haki yataka gari lililo zima zaidi lipelekwe mlimani, na lililochoka libaki tambarare. Desturi ya biashara hufanya kinyume. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kuwa baina ya mwaka 2015 na 2018 motokaa zilizotumika zipatazo milioni 14 ziliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani. Kiasi cha asilimia 80 ziliingia nchi za kipato cha chini na cha kati, na Afrika ikapokea fungu kubwa kuliko sehemu nyingine za dunia. Hiyo ni ngazi, na ngazi haiishi bandarini. Gari lililochosha wenye mali wa Japani hufanywa jipya Dar es Salaam. Likichosha Dar es Salaam huwa jema Morogoro. Likichosha barabara ya lami hupelekwa njia ya udongo. Kila mwenye kuliuza hujiambia kuwa amelimaliza tatizo, na kumbe amelishusha daraja moja. Mwisho wa ngazi hiyo ni mtu asiye na wa kumshushia. Ndiyo sababu njia iliyo ngumu kuliko zote hupata gari lililo dhaifu kuliko yote, na abiria aliye maskini kuliko wote huketi juu yake.

Kwa hiyo kuuza, ambako huonekana kuwa njia ya katikati baina ya kutengeneza na kuvunja, si njia ya katikati hata kidogo. Kuuza ni kumwachia mwingine hukumu. Kwaweza kuwa kwema au kuovu kwa kipimo kimoja: je, mnunuzi ameambiwa? Fikihi ya Kiislamu, ambayo biashara ya pwani imeishi nayo kwa karne nyingi, humlazimu muuzaji kutaja aibu ya bidhaa yake, na humpa mnunuzi aliyefichwa haki ya kuirudisha. Wazungu nao wana kauli ya kale kuwa mnunuzi na ajihadhari. Katika biashara ya embe kauli ya pili huenda ikavumilika, kwani mnunuzi aweza kuliminya embe. Hakuna awezaye kuminya chesisi iliyochomelewa ikapakwa rangi. Anayepaka rangi juu ya ufa ameua nusu; nusu iliyobaki ameikabidhi kwa mteremko.

Kuvunja nako kuna adabu zake. Motokaa ikivunjwa haipotei. Springi zake huwafikia wahunzi, wakazifua kuwa visu na mashoka. Tairi zake huwa katambuga miguuni mwa wachukuzi. Giaboksi iliyo nzima hulifufua gari jingine. Chuma kilichosalia huyeyushwa kikazaliwa nondo. Hivyo mwenye kuvunja hakuwa amekataa kutengeneza. Ametengeneza vitu vingi badala ya kimoja. Lakini oili chafu na maji makali ya betri havina budi kuwekwa mahali pake. Morogoro hunywa kutoka milimani, na mto Ruvu, ambao Uluguru ni chemchemi yake kubwa, huwafikia watu wa Dar es Salaam. Anayemwaga oili kando ya kijito amewafanya abiria watu ambao hawakupanda gari lake.

Sasa mtu wa Morogoro amewasikiza washauri wote. Fedha imemwambia kuwa injini yastahili kutengenezwa, maana ingenunua miaka kadhaa ya kazi. Umri umetoa ushahidi wake ukakaa kimya. Mapenzi yamemwomba angoje mwaka mmoja. Abiria hakuweza kufika, kwa hiyo mwenye gari imempasa amsemee. Amwulize fundi si gharama tu, bali jambo ambalo fundi hujibu kwa kutazama chini: chesisi hii, ikichomelewa mara ya tatu, yeye fundi angewapakia watoto wake kuishuka Mgeta wakati wa masika?

Fundi akisema kuwa angewapakia, basi ule ni ufa, na uzibwe. Breki zifanywe upya kwanza, gia ifuate, moshi wa buluu ungoje mavuno. Na ikiwa fedha haitoshi, afadhali nauli ipandishwe hadharani na sababu yake itajwe, kuliko kubaki ndogo kwa siri ambayo abiria ndiye ailipiaye. Fundi akinyamaza, basi kilichobaki ni uvundo, na ubani haufai kitu.

Na iwe kwamba fundi alinyamaza. Motokaa ikafunguliwa. Injini ikauzwa kwa mtu aliyeambiwa kuwa yala oili, naye akatoa bei ndogo kwa sababu hiyo. Springi zikaenda kwa mhunzi. Kwa msimu mzima mwenye gari hakuwa na kazi, na watu wa huko juu walimlaumu, kwa maana kabichi zao zilishuka kwa vichwa, na nyingine hazikushuka. Jirani aliyekuwa na gari bovu zaidi aliwachukua abiria wake, akapata faida, wala hakupata ajali mwaka ule. Hapana aliyemsifu mtu wa Morogoro. Ajali ambayo haikutokea haina kaburi, haina tarehe, haina shahidi, na mwenye kuizuia hawezi kuthibitisha kuwa ingetokea. Watoto wa abiria wake hukua bila kujua kuwa wana deni kwake. Hiyo ndiyo shida ya kutenda haki katika jambo hili: hasara huonekana kwa macho, na faida huijua mtendaji peke yake, naye pia huijua kwa kukisia tu.

Ataamka siku moja ya masika, asikie maji yakivuma kutoka milimani, akumbuke mteremko na magunia na watu waliokuwa wakiketi juu yake. Hatakuwa na motokaa. Atalala tena.